Kivuli Lazima Kiwe cha Mtu

Mlandege, Unguja
11 Julai 1965

Kwa dada yangu Biasha binti Msabah, Kipumbwi

Shikamoo dada. Barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji na watoto, na shangazi pia na magoti yake. Mimi mzima ila bega. Karafuu za mwaka huu zimeanza kushuka bandarini mapema, na sisi mahamali hatukai. Gunia la karafuu si zito kama la mchele, lakini linachoma, na harufu yake inabaki shingoni hata ukioga na sabuni. Nikilala naota nabeba. Nikiamka nimeshachoka kwa mzigo wa ndotoni, halafu naenda kubeba wa kweli.

Ame wa Mkokotoni ndiye anayekuletea barua hii kwa mashua yake. Nimempa na kanga ya shangazi. Akikwambia nimekonda usimsikilize, yeye kila mtu humuona kakonda.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Nimepata mke. Anaitwa Mwatum binti Jecha. Ni mjane, mumewe alifariki kwa homa, na eda amekwisha kukaa zamani. Anachoma mikate ya ufuta mlangoni kwake hapa Mlandege. Nilikuwa nanunua mmoja kila asubuhi, kisha nikaanza kununua miwili. Akaniuliza, "Wewe unakaa na nani?" Nikasema nakaa peke yangu. Akasema, "Basi wa pili unamlia nani?" Mambo yakaanzia hapo.

Baba yake hayupo, kwa hiyo walii wake, wa kumuozesha, ni kaka yake anayekaa naye nyumba moja, Abdulla Jecha. Huyu ni mwenyekiti wa tawi la chama mtaani kwetu. Si mtu mbaya. Ni mtu mwenye hofu, basi. Nilipomwendea kwa posa alinikaribisha vizuri, akasema, "Mtu wa bara, mtu wa visiwa, sote sasa nchi moja. Nimekubali. Lakini nikah baada ya uchaguzi. Sasa nina kazi ya taifa."

Kazi yenyewe ni hii. Mwisho wa mwezi wa tisa tunapiga kura ya Rais, na mgombea ni mmoja. Kwenye karatasi kuna picha ya Rais, hiyo ndiyo Ndiyo. Pembeni yake kuna kivuli cheusi cha mtu asiye na sura, hicho ndicho Hapana. Nadhani na huko kwenu ni hivyo hivyo. Matawi yameambiwa yawafundishe watu, lakini matangazo hayakutosha, na tawi letu likaambiwa lijichoree ubao wake. Akaitwa Duni, fundi anayeandika majina ya maduka Darajani. Picha ya Rais ilikuwepo, wakaibandika. Kikabaki kivuli. Duni akasema hachori kitu asichokiona. "Kivuli lazima kiwe cha mtu," akasema. "Nipeni mtu."

Abdulla akaombwa akae, akakumbuka ana mkutano. Katibu wake akasema ana mafua. Shamsi muuza kahawa akasema kivuli chake kimekwenda Pemba kwa ndugu zake. Mimi nilikuwa napita, natoka bandarini. Wakaniambia, "Muhiddin, hebu kaa kwenye kiti hicho hapo mlangoni."

Dada, nilikuwa nimesimama tangu alfajiri. Mtu akiniambia kaa, simuulizi kwa nini. Jua la alasiri likaingia, kivuli changu kikaangukia ubaoni, Duni akakifuata kwa mkaa kisha akajaza rangi nyeusi. Mimi nilisinzia. Nilipoamka nilikuwa nimeshachorwa, na shingo yangu iliyolala upande kwa magunia, na sikio langu hili lililochomoza. Tukacheka, nikaenda zangu.

Niandikie kama una radhi na ndoa hii.

Ndugu yako mchovu,
Muhiddin


Kipumbwi
2 Agosti 1965

Kwa mdogo wangu Muhiddin

Marahaba. Sisi wazima. Shangazi ameipenda kanga lakini anasema ungemletea na mafuta ya karafuu ya kuchua magoti, kwa kuwa unalala juu ya karafuu. Shemeji yako amepata kazi ya siku siku katika shamba la mkonge, anarudi na vidole vimejaa miiba na maneno hana. Mbuzi mweupe amezaa wawili. Na Sichana, jirani, bado hatusemeshani. Kuku wake akija kwangu namrudisha kwa fimbo, na kuku hajui kosa lake.

Kuhusu mjane wako, sina neno naye kwa kuwa simjui. Nilikuwa nimeshakutazamia mtu hapa, sitamtaja, alikuwa anakusubiri bila ya kuambiwa. Kuhusu radhi sijasema ndiyo wala sijasema hapana. Mikate miwili si sababu ya kuoa.

Kuhusu hicho kivuli sikufahamu. Umekalia kiti cha serikali? Nilimuuliza Ame ufukweni, naye bila ya kupunguza sauti akanijibu mbele ya watu wanaonunua samaki: "Bi Biasha, ndugu yako ndiye anayeshindana na Rais." Nikamwambia nyamaza. Akasema, "Mimi nimemuona ubaoni kwa macho yangu. Rais kulia, Muhiddin kushoto." Watu wote wakanigeukia.

Nijibu haraka hili ni jambo gani.

Dada yako,
Biasha


Mlandege, Unguja
19 Agosti 1965

Shikamoo dada.

Barua yako Ame alikaa nayo Mkokotoni akitengeneza tanga, ndiyo maana nachelewa kujibu. Hongera kwa mbuzi. Mpe pole shemeji, mwambie miiba ya mkonge aitoe kwa sindano iliyochovywa mafuta ya taa. Bega langu lile lile.

Jambo lenyewe limekuwa baya, na nitakueleza kama lilivyo.

Ubao ulitundikwa nje ya tawi, mkabala na benchi la kahawa la Shamsi. Jioni ya kwanza nilikaa chini yake kunywa kahawa. Shamsi akanitazama, akautazama ubao, akasema kwa sauti, "Jamani, Hapana kaja mwenyewe." Wakacheka. Tangu siku hiyo jina langu limepotea. Bandarini naitwa Hapana. Sokoni Hapana. Hata msimamizi wa ghala asubuhi anapoita majina, anaita, "Hapana!" Nami naitika, "Naam."

Shamsi akaniambia, "Yakhe, amua moja. Mtu anaitwa Hapana anaitika Naam, taifa litakufahamu vipi?"

Yote haya ni maskhara na mimi sikujali. Lakini wiki iliyopita tawi lilifanya kura ya mazoezi. Watu wazima wa mtaa walipewa karatasi alizochora Duni, waweke alama wanapopataka. Dada, kivuli kilishinda.

Abdulla akahesabu tena. Kikashinda tena. Akamuuliza Bi Tabia, bibi mmoja jirani yangu ambaye mimi humtekea maji bombani kwa kuwa yeye hawezi, "Bibi, kwa nini umeweka alama kwa Hapana?"

"Hapana gani? Huyu Muhiddin."

"Huyu ni kivuli, bibi. Si mtu."

"Si mtu! Shingo ile si ya Muhiddin? Huyo mwengine nasikia ni mtu mwema, Mungu ampe umri, lakini hajapata kunitekea maji."

Na wengine wakasema hivyo hivyo. Mmoja nimemsaidia kupandisha kabati. Mwengine nilimbebea mtoto hospitali. Wote walifikiri ni adabu kuniwekea alama kwa kuwa wananijua.

Abdulla akaniita ndani. Hakunitukana, afadhali angenitukana. Alikaa amejishika kichwa. "Muhiddin, unafanya kampeni."

"Mimi nabeba maji tu, mwenyekiti."

"Ndiyo kampeni yenyewe hiyo. Tunajenga umoja wa nchi, wewe unaugawa mtaa kwa ndoo." Kisha akaniamuru kuanzia siku ile mpaka kura zipigwe nisimsaidie mtu, nisimsalimu mtu, na nikisalimiwa nijibu vibaya. "Watu wakuchukie kidogo," akasema. "Kwa ajili ya taifa. Na kwa ajili ya Mwatum."

Nikajaribu. Nilimpita Bi Tabia na ndoo yake tupu bila ya kumtazama, na moyo ukaniuma. Nilimjibu muuza ndizi kwa ukali. Unajua walisemaje? Walisema, "Ameanza kuwa mkubwa. Ndivyo wakubwa walivyo." Sasa wananipisha njia. Jana mzee mmoja alinipa kiti.

Mwatum anaona yote. Mkate anaendelea kuniuzia, lakini wa pili sasa hanitozi. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Mgombea halipi." Sijui kama ananicheka au ananipenda. Pengine yote mawili.

Radhi yako bado naisubiri.

Muhiddin


Kipumbwi
5 Septemba 1965

Mdogo wangu,

Marahaba. Shangazi hajambo. Mbuzi mdogo amekufa, wa pili yupo. Shemeji yako anasalimu.

Muhiddin, nakwambia taratibu: huku umeshakuwa mtu mwengine. Nilidhani Ame amenyamaza, kumbe kila akifunga mashua yake anaulizwa habari zako, naye anaongeza. Mara ya kwanza ulikuwa kivuli. Mara ya pili una watu. Sasa anasema watu wanakupisha njia na wazee wanakupa viti, na nimesoma kwenye barua yako kwamba hilo ni kweli, basi nimkanushe vipi?

Juzi Sichana alikuja. Huyu Sichana niliyekwambia. Ameleta samaki changu watatu wabichi, amekaa mkekani, ananiita Bi Biasha. Ananiambia, "Mimi na wewe tumetoka mbali." Ndiyo, tumetoka mbali, nyumba zetu zimegusana. Akala, akanywa chai, mwisho akasema: mwanawe atafutiwe kazi ya udereva wa serikali. Nikamwambia ndugu yangu ni hamali. Akasema, "Nafahamu, nafahamu. Mambo haya hayasemwi."

Baada yake wamekuja wazee wa mtaa wa juu wanataka kisima. Nikawaambia hana kisima. Wakasema hawana haraka, hata mwakani.

Mtaa wa chini wamekasirika. Wanasema Kipumbwi tangu uhuru ni ya Ndiyo, na sasa tutapata aibu kwa ajili ya nyumba moja. Msikitini mtaa wa juu wanasimama kulia na mtaa wa chini kushoto, na imamu amewaomba wachanganyike wakakataa. Watu hawa hawajawahi kugombana kwa lolote isipokuwa mpira. Mwenyekiti wetu wa hapa alikuja kunihoji. Aliniuliza kama nilijua nia yako tangu utotoni. Nikamwambia utotoni ulikuwa na nia ya kula tu.

Naogopa, Muhiddin. Na nitakwambia na jingine, kwa kuwa wewe ni ndugu yangu. Kwenye harusi ya juzi waliniweka mbele, karibu na bibi harusi, na pilau yangu ikaja na nyama ya juu. Sijapata kukaa mbele tangu nizaliwe. Nilikaa naogopa na huku nakula.

Jitoe. Mtu akigombea si anaweza kujitoa? Andika kwamba umejitoa, uoe, au usioe, lakini jitoe.

Biasha


Mlandege, Unguja
16 Septemba 1965

Shikamoo dada. Pole kwa mbuzi.

Nimejaribu kujitoa, na sikuweza. Sikiliza.

Kabla barua yako haijafika Abdulla naye alikuwa na wazo hilo hilo. Akaniambia nitie sahihi kwamba najitoa. Nikasema sijawahi kuingia, nitatokaje? Akasema nikitia sahihi yatakwisha. Duni akamwambia, "Mwenyekiti, akitia sahihi kwamba amejitoa, itakuwa alikuwamo. Wakubwa watauliza nani alimuingiza. Na ubao uko mlangoni kwako." Abdulla akaikunja ile karatasi akaitia mfukoni.

Halafu akaja ofisa mmoja kutoka mjini kukagua mafunzo. Abdulla, kwa hofu yake, akamueleza kila kitu, akasema, "Lakini usiwe na wasiwasi, Hapana wetu yuko tayari kujitoa." Ofisa akashtuka. "Hawezi kujitoa. Hapana akijitoa uchaguzi uko wapi? Watu wachague baina ya Rais na nini?" Akanitazama, mimi nimesimama na gunia tupu begani, akanipa mkono. "Kaza moyo, bwana," akaniambia. "Na ushindwe vizuri."

Basi ikasemwa ubao ufutwe, Duni achore kivuli kisicho cha mtu. Duni akauliza cha nini. Katibu akasema, "Chora cha kiti." Abdulla akafikiri, akasema watu watasema kiti kinagombea kiti. Shamsi akapendekeza mbuzi. Abdulla akasema kuna watu hapa mtaani watampigia mbuzi, na akawataja. Basi nikabaki mimi.

Jioni hiyo Abdulla akanitolea sharti, mbele ya Mwatum, na hili ndilo linalonikosesha usingizi. Alisema, "Mimi nimewaahidi wakubwa kwamba katika sanduku la tawi letu haitaonekana Hapana hata moja. Hata moja, Muhiddin. Ikionekana watasema nimemuoza ndugu yangu kwa mpinzani. Sanduku likiwa safi, kesho yake nakuozesha. Likitoka na Hapana, ndoa hakuna."

Nikamtazama Mwatum. Alikuwa anakanda unga. Akaukanda kwa nguvu zaidi.

Basi dada, tangu siku hiyo natoka bandarini bega limekufa, sipumziki, nazunguka nyumba kwa nyumba kuomba kura ya mtu mwengine. Nagonga mlango, nasema, "Mimi ni Muhiddin. Tafadhali msinipigie." Wananiambia, "Tazama unyenyekevu wake." Kwa Bi Tabia nilikwenda mara nyingi. Nilimwambia, "Bibi, ukiniwekea alama mimi sitaoa." Akasema, "Mjukuu wangu, na ukishindwa utamlisha nini?" Nikamwambia nitamlisha kwa uhamali kama siku zote. Akafikiri sana. Akasema, "Basi unapenda kweli. Mtu kuacha urais." Ameahidi kumpa Rais.

Wengine wameahidi pia. Duni ameahidi, Shamsi ameahidi ingawa yeye huahidi kila kitu. Mwatum sikumuomba. Niliona haya. Nilimwambia tu, "Mambo yako mikononi mwa watu." Akasema, "Na mikono yangu je, si ya mtu?" Nikacheka, tukaachana hivyo.

Wewe huko waambie watu kisima sina.

Muhiddin


Kipumbwi
4 Oktoba 1965

Mdogo wangu,

Marahaba. Wazima sote. Naandika kwa kifupi, Ame anaondoka maji yakijaa.

Kura zimepigwa huku salama. Ndiyo zimejaa, lakini Hapana pia zimetoka kadhaa, jambo ambalo Kipumbwi halijaonekana. Mtaa wa juu wanasema ni za mtaa wa chini, kutuharibia jina. Mtaa wa chini hawasemi, wananitazama. Mwenyekiti aliniuliza na mimi nimepiga nini. Nikamwambia waliotufundisha walisema kura ni siri, nami nimefundishika. Usiniulize na wewe.

Sichana amerudi kununa. Kuku wake nimemrudisha kwa fimbo leo asubuhi. Nimepumua kidogo, sikufichi, na kidogo nimesikitika.

Radhi yangu unayo. Mtu anayegonga milango kuomba akataliwe ili aoe, huyo si wa kuzuiliwa. Yule niliyekutazamia ameolewa. Nijulishe sanduku lenu limetoka vipi, sina raha.

Biasha


Mlandege, Unguja
24 Oktoba 1965

Kwa dada yangu Biasha

Shikamoo. Ahsante kwa radhi, imenifikia siku niliyoihitaji. Shangazi mpe mafuta haya ya karafuu, Ame nimemwambia akiyamwaga asirudi. Shemeji nilimngoja aje kunisimamia lakini najua ruhusa ya kuvuka haipatikani upesi, na mkonge haumuachii mtu. Simlaumu.

Nakuanzia siku ya kura. Watu wa mtaa walipanga foleni tangu asubuhi, na mimi nikaambiwa nikishapiga nisikae karibu na foleni. Nilipiga yangu mapema, nikaweka alama kwa Rais bila ya kutazama upande wa pili, nikaenda kukaa benchi la Shamsi. Wa kwanza kutoka ninayemjua alikuwa Bi Tabia, anatoka amekasirika.

"Umenyooka," akaniambia.

"Vipi, bibi?"

"Humo ndani. Nilikutafuta nikuage, sikukuona. Kuna kivuli, lakini shingo yake imesimama wima kama mlingoti na masikio hana. Simjui yule. Basi nikampa Rais, naye ana masikio."

Kumbe karatasi za kweli zilipigwa chapa Dar es Salaam, na kivuli chao hakikuwa cha mtu. Kila aliyetoka alikuwa ananitazama kwa huruma, na mmoja aliniambia, "Wamekutoa, yakhe. Wamemtia mwengine." Nikasema moyoni, Alhamdulillahi, sanduku ni safi, naoa kesho.

Sanduku lilifunguliwa mbele ya yule ofisa. Ndiyo, Ndiyo, Ndiyo, mpaka karibu na mwisho. Kisha Hapana moja.

Ofisa hata hakuinua macho, akaandika akaendelea. Kwake moja si kitu. Abdulla yeye alikaa kitini kama mtu aliyepigwa na jua. Usiku huo hakula. Asubuhi yake aliniita kwake, Mwatum naye yupo mlangoni na sinia lake la mikate, na Abdulla akaniambia bila ya kunitazama usoni, "Tulikubaliana, Muhiddin. Sina chuki nawe. Ndoa hakuna."

Nilikuwa nimechoka hata siwezi kukasirika. Nikafikiri nani kanifanyia hivi, nikamfikiri Shamsi, nikamfikiri Duni, nikainuka niondoke.

Mwatum akaweka sinia chini. "Ile ni yangu," akasema.

Abdulla akauliza, "Ipi?"

"Hiyo moja. Nimeitia mimi."

Abdulla aliinuka, akafunga mlango, akafunga na madirisha yote mawili. Tukawa gizani mchana. Akasema kwa sauti ya chini, "Mwatum. Wewe ndugu yangu. Kwa nini?"

"Najua yule wa karatasini si yeye," akasema. "Mimi si Bi Tabia. Lakini tangu Julai mtaa mzima jina lake mmelifanya Hapana. Mmemwita hivyo bandarini, mmemwita hivyo mlangoni kwangu. Nimeingia kule peke yangu, hakuna anayeniona ila Mungu, na mwanamme ninayetaka kuolewa naye yuko upande huu. Nimpite nimkatae, kisha nije nikae naye nyumba moja? Kwa Rais sina ubaya, ana watu wengi. Huyu alikuwa hana hata mmoja, na nyote mlimtaka awe hivyo. Na yeye mwenyewe anazunguka kuomba akataliwe, mimi hata hakuniomba."

Nikasema, "Niliona haya."

"Ndiyo nikafanya nilivyotaka."

Nje, dada, nikasikia watu wa barabarani wakipatana bei ya muhogo. Kisha Abdulla akauliza, "Nani mwengine anajua?"

"Wewe na huyu."

"Basi mimi sijasikia." Akatembea chumbani, huku na huku. Nikaona anavyohesabu hofu zake. Ilikuwa aibu kumuoza ndugu yake kwa Hapana, lakini sasa aliyetia Hapana alikuwa analala nyumbani kwake, anakula chakula chake, na yeye ndiye mwenyekiti. Akasimama. "Utamuoa lini?" akaniuliza, kama mtu anayedai.

"Si umesema hakuna?"

"Nimekuuliza lini."

Ikawa Ijumaa iliyopita, baada ya sala.

Nikah ilikuwa nyumbani kwa Abdulla, watu wachache, halua na kahawa ya Shamsi. Mimi na sheikh tulikaa ukumbini, Mwatum chumbani nyuma ya pazia na wanawake wenzake. Unajua mwari akiulizwa idhini hunyamaza, na kunyamaza kwake huwa ndiyo jibu. Lakini mjane lazima aseme kwa ulimi wake, na walii ndiye anayemuuliza, na mashahidi wasikie. Basi Abdulla akaenda pazia lilipo, na Shamsi na Duni nyuma yake kama mashahidi. Kofia mpya, kanzu imepigwa pasi. Akamuuliza kwa sauti yake ya mikutano, kama alivyowauliza watu tangu Julai: "Mwatum binti Jecha, umeniruhusu nikuozeshe kwa Muhiddin bin Msabah?"

Hakujibiwa.

Akauliza tena. Hakujibiwa. Sheikh akakohoa. Mimi jasho lilinitoka la bandarini.

Mara ya tatu sauti ya Mwatum ikatoka, haina haraka. "Nani anauliza?"

"Mimi."

"Wewe kaka yangu, au wewe mwenyekiti?"

Pale, dada, nilimuona Abdulla anakaa kitako chini, kwenye mkeka, kanzu na pasi yake yote. Akavua kofia akaiweka pembeni. Alipozungumza ilikuwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake, nadhani ndiyo aliyokuwa akimuitia utotoni.

"Kaka yako, Mwatum. Mwenyekiti nimemuacha nje na viatu."

"Basi ndiyo," akasema. "Niozeshe."

Abdulla alirudi ukumbini kichwa wazi, akakaa mbele yangu akanipa mkono wake, ili sheikh atufungishe. Mkono ulikuwa laini, wa mtu asiyepata kubeba gunia. Nikaushika. Sheikh akaanza kusoma.

Mke wangu anakwambia shikamoo, na anauliza magoti ya shangazi yanaumia wakati wa mvua au siku zote.

Mdogo wako,
Muhiddin